Jinsi picha za vifaru vya kale zinavyosomwa, na kinachopotea maelezo yakikosewa

PICHA ya kifaru cha Vita vya Kwanza vya Dunia ikichapishwa kitabuni, aghalabu huambatana na maelezo mafupi: jina la kifaru, mahali na mwaka. Msomaji huyaamini na kufungua ukurasa unaofuata. Hata hivyo, watafiti wa zana za kivita wanafahamu kuwa maelezo hayo ndiyo hukosewa mara nyingi zaidi.

Sababu si ngumu kueleza. Katika vita vya 1914 hadi 1918, picha zilipitia mikononi mwa wakaguzi wa serikali waliofuta majina ya mahali. Nyingine ziliuzwa kama postikadi, zikanakiliwa na kuandikwa upya na watu ambao hawakuwahi kufika vitani. Isitoshe, zana zenyewe zilikuwa ngeni hata kwa wanajeshi waliozipiga picha.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua picha inaonyesha nini huanza kwa kuyaweka kando maelezo hayo. Husoma chuma kwanza, maandishi baadaye.

Minyororo na magurudumu

Hatua ya kwanza ni kuangalia chombo kinatembelea nini. Chenye magurudumu pekee ni gari la deraya. Chenye minyororo ya chuma ni kifaru.

Kifaru cha kwanza kuingia vitani ni Mark I cha Uingereza, kilichotumiwa Septemba 15, 1916 karibu na kijiji cha Flers, katika mapigano ya Somme nchini Ufaransa. Kilikuwa na umbo la msambamba, minyororo ikizunguka ubavu wote, na kilibeba watu wanane. Kile kilichobeba mizinga miwili ya milimita 57 kiliitwa dume, na kilichobeba bunduki za rasharasha pekee kikaitwa jike.

Alama yake ya wazi iko nyuma: magurudumu mawili ya kusaidia kukata kona, ambayo yaliachwa baada ya muda mfupi kwa kuwa hayakufaa. Mark IV, kilichofika vitani 1917, hakina magurudumu hayo na mizinga yake ina mitutu mifupi. Mark V cha 1918 kina kibanda cha pili juu ya paa, nyuma ya kile cha dereva.

Tofauti hizo ndogo hufanya kazi ya kalenda. Picha iliyoandikwa "Somme, 1916" ikionyesha kibanda cha pili, basi mwandishi wa maelezo amekosea kwa miaka miwili. Ushahidi umo ndani ya picha yenyewe.

Bomba la moshi liko upande gani?

Mtihani mgumu zaidi ni kifaru kidogo cha Kifaransa, Renault FT, kilichobeba watu wawili na kuwa na mnara wa bunduki unaozunguka pande zote. Ufaransa iliunda zaidi ya 3,000, na mataifa mengi yakakinunua au kukiiga. Marekani iliunda 950 vya aina yake na kuviita M1917.

Kwa mbali, viwili hivyo ni mapacha. Lakini bomba la moshi la Renault liko upande wa kulia, ilhali la M1917 liko kushoto. Aidha, gurudumu kubwa la mbele la vifaru vingi vya Ufaransa lilikuwa la mbao lenye ukingo wa chuma. La Marekani lilikuwa la chuma tupu.

Tofauti hiyo ina uzito katika historia. Vifaru vya kwanza vya M1917 vilifika Ufaransa Novemba 1918, siku chache baada ya vita kusitishwa. Wanajeshi wa Marekani waliopigana kwa vifaru vyepesi mwaka huo walitumia vya Kifaransa. Picha inayodai kuonyesha M1917 katikati ya mapigano hayo haiwezi kuwa ya kweli.

Na hapo pana mtego. Picha za zama hizo zilisafishwa kutoka kwa negativu za kioo, na negativu ikigeuzwa, kulia huwa kushoto. Renault ya Kifaransa hugeuka papo hapo kuwa "ya Kimarekani". Ndiyo maana mtafiti makini hategemei dalili moja. Huangalia pia gurudumu la mbele, namba zilizopakwa ubavuni na vifungo vya makoti ya askari, ambavyo hufichua picha iliyogeuzwa.

Rangi nazo hudanganya. Kioo cha picha cha wakati huo hakikunasa rangi vizuri: nyekundu ilionekana karibu nyeusi, na buluu ikapauka kama nyeupe. Anayekisia rangi ya kifaru kwa kutazama picha ya kale anabahatisha tu.

Msalaba si uraia

Kosa jingine ni kuamini nembo. Ujerumani iliunda vifaru 20 pekee vya aina ya A7V, na hadi leo kimesalia kimoja, Mephisto, kilicho katika jumba la makumbusho la Queensland, Australia. Lakini Wajerumani waliteka vifaru vya Waingereza kwa wingi, hasa Mark IV, wakavipaka misalaba na kuvirudisha vitani. Vifaru vya kutekwa walivyovitumia vilizidi vile walivyoviunda. Msalaba mweusi ubavuni huonyesha aliyekiendesha kifaru siku hiyo, si aliyekiunda.

Baada ya vita, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliikataza Ujerumani kumiliki vifaru. Jeshi lake likafanya mazoezi kwa vifaru bandia vya mbao, turubai na mabati, baadhi vikiwa vimefunikwa juu ya magari madogo. Katika picha, vitu hivyo hutambulika kwa tairi za mpira zinazochungulia chini na mabamba yasiyo na ribiti.

Kisa cha gari la Lenin

Pengine hakuna kosa lililodumu kwa fahari kubwa kama la gari la deraya la Lenin. Aprili 1917, kiongozi huyo wa mapinduzi alirejea Petrograd kutoka uhamishoni, na inasimuliwa kwamba alihutubia umati akiwa juu ya gari la deraya nje ya stesheni ya Finland. Miaka zaidi ya 20 baadaye, gari lenye jina "Adui wa Ubepari" lilipatikana na kuwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Lenin mjini Leningrad, likitajwa kuwa ndilo lenyewe.

Chuma hakikukubali. Magari ya Austin yaliyotoka Uingereza kabla ya hotuba hiyo yalikuwa na minara miwili ya bunduki iliyokaa sambamba, bega kwa bega. Gari lililoonyeshwa lina minara iliyokaa kimshazari, mmoja mbele ya mwenzake. Hiyo ni Austin-Putilov, aina iliyoanza kuundwa Urusi 1918. Gari ambalo halijaundwa haliwezi kupandwa na mtu, awe Lenin au mwingine.

Picha iliyowarudishia wafu jina

Kwa wengine, kazi hii yaweza kuonekana kama mchezo wa wapenda vyuma. Yaliyotokea katika kijiji cha Flesquières, kaskazini mwa Ufaransa, yanaonyesha vingine.

Mwaka 1998, kifaru cha Mark IV kilifukuliwa hapo kikiwa kimezikwa ardhini tangu vita vya Cambrai, vilivyoanza Novemba 20, 1917. Swali likawa ni kipi, kati ya mamia ya vifaru vilivyoshiriki. Miongoni mwa ushahidi uliosaidia kulijibu ni picha za zamani zilizohifadhiwa na familia ya kamanda wake, Frank Heap. Matundu ya makombora katika picha yalilinganishwa na yale ya chuma kilichofukuliwa.

Kilikuwa D51, kilichoitwa Deborah. Watu watano wa kikosi chake waliuawa siku hiyo, na makaburi yao yako karibu na hapo. Leo kifaru hicho kimo katika jumba la makumbusho lililofunguliwa kijijini mwaka 2017, na wageni huyasoma majina ya waliokufa.

Kutoka Salaita hadi Kariokor

Suala hili halipo mbali na Kenya. Februari 12, 1916, majeshi ya Uingereza yalishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, na kurudishwa nyuma na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika. Magari ya deraya ya Rolls-Royce yalikuwapo katika vita hivyo vya mpakani.

Maelezo ya picha yakidai kwamba hicho ni "kifaru huko Taveta, Februari 1916", yamekosea bila shaka. Kifaru cha kwanza kilikuwa bado miezi saba kabla ya kupigana popote duniani. Rolls-Royce ya 1914 hutambulika kwa spoki nyembamba za magurudumu yake na mnara wa duara. Ile ya 1920 ina magurudumu yaliyofunikwa kwa bamba. Tofauti hiyo yatosha kutenganisha picha ya vita vile na ya miaka ya baadaye.

Lakini mbele na nyuma ya magari hayo walitembea watu. Maelfu ya wapagazi walibeba risasi, maji na chakula, na jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi linatokana na kikosi chao. Mwaka 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Ilisema huenda idadi hiyo ikafika 350,000.

Picha haiwezi kuyarejesha majina hayo yote. Hata hivyo, gari likitambuliwa sawasawa, mwaka na mahali hujulikana. Hayo yakijulikana, kikosi hutafutwa katika kumbukumbu. Na kikosi kikipatikana, huenda aliyesimama pembeni mwa picha na mzigo kichwani naye akaulizwa alikuwa nani. Maelezo yakikosewa, msururu huo hukatika hata kabla ya kuanza.