Je, Wajua? Rubondo, Hifadhi Iliyozungukwa na Maji

Kisiwa cha Rubondo, kilichoko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na sehemu kubwa ya nchi kavu yake imefunikwa na msitu unaoteremka hadi kwenye matete ya ufukweni. Humo huishi nzohe, yaani swala wa majimaji mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye tope, ambaye akitishwa hujitosa majini na kubakiza pua tu juu ya maji; mgeni asiye na subira hupita karibu naye bila kumwona.

Kwa wapenzi wa ndege, zaidi ya spishi 200 zimeorodheshwa, wakiwamo kwazi, ambaye ni tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, na mnandi, mpiga mbizi ambaye manyoya yake hulowa, hivyo hulazimika kutua na kutanua mabawa ayakaushe juani. Sokwe waliopo si wenyeji: waliachiliwa kisiwani kati ya 1966 na 1969, baadhi yao wakitoka katika bustani za wanyama za Ulaya, na vizazi vyao vimejitegemea tangu hapo.

Uvuvi wa biashara umepigwa marufuku ili samaki wapate mazalia tulivu, ila mgeni mwenye kibali huruhusiwa kuvua sangara kwa ndoana kama mchezo, samaki ambaye naye, kama sokwe hao, aliletwa na binadamu.