Msitu wa Ukungu wa Kahuzi na Wenyeji Wake

Magharibi mwa mji wa Bukavu, katika Kivu Kusini, yapo majabali mawili ya volkeno zilizokwisha kuzimika: Kahuzi, wenye kimo cha mita 3,308, na Biega, wenye mita 2,790. Milima hiyo ndiyo iliyoipa jina Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega.

Sifa ya kwanza ya msitu wa miinuko hiyo ni ukungu. Hewa yenye unyevu hupoa inapopanda mlima, na mvuke wake hugeuka kuwa matone madogo mno. Matone hayo hunaswa na majani pamoja na kuvumwani inayoning'inia matawini, kisha hudondoka ardhini hata siku isiyo na mvua. Kwa njia hiyo msitu huvilisha vijito polepole, na mkulima wa bondeni hupata maji. Aukataye msitu wa juu humpunguzia maji jirani yake wa chini.

Sifa ya pili ni wingi wa aina za viumbe. Baridi huongezeka kadiri mtu apandavyo, na mimea nayo hubadilika: kwanza miti mirefu, halafu mianzi, kati ya mita 2,350 na 2,600 hivi, na juu zaidi vichaka vya nyanda za baridi. Machipukizi ya mianzi yanapoota, gorila wa Grauer huyafuata. Gorila hao huishi mashariki mwa Kongo tu.

Hifadhi iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba zipatazo 6,000, na mwaka 1980 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, msitu huo haukuwa mtupu. Watwa waliishi humo kwa kuwinda, kurina asali na kuchuma dawa. Katika miaka ya 1970 walifukuzwa bila ya ridhaa yao, ilhali wafuatiliaji wa nyayo wa Kitwa ndio waliosaidia kuwazoesha gorila kuonana na watu.

Je, kuwaondoa watu kuliuokoa msitu? Vita vilipozuka mwaka 1996, wanyama wengi waliuawa, na mwaka 1997 hifadhi ikaandikwa miongoni mwa urithi ulio hatarini. Baadaye wachimbaji wa koltani waliingia. Mwaka 2018 baadhi ya Watwa walirudi katika ardhi ya wazee wao. Mapigano na walinzi yakaleta vifo pande zote mbili, na miti ikakatwa kwa makaa na mbao.

Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliothibitisha kwamba haki za Watwa zilivunjwa. Uamuzi huo haukanushi haja ya kuuhifadhi msitu. Unachokanusha ni dhana kwamba mwenyeji ni adui wa msitu. Anayejua asali iko mti gani na gorila wamepita wapi ana elimu ambayo hifadhi yaihitaji. Lakini elimu hiyo hurithiwa msituni, na kizazi kinachokulia nje ya msitu huikosa.