Kabla ya Kodi, Uliza Maji Yanapandaje

Barua ya kuitwa Chuo Kikuu cha Kisii inamwambia mwanafunzi siku ya kuripoti, karo na vyeti vya kubeba. Suala la mahali pa kulala huachiwa yeye na wazazi wake, nao mara nyingi hulimaliza kwa simu moja kwa binamu aliyewahi kusomea huko. Binamu hutaja mtaa, mtaa huwa na jina, na jina hilo ndilo hugeuka uamuzi. Tatizo ni kwamba majina ya mitaa ya Kisii hayasemi mengi, na sababu yake inarudi kwenye historia ya ardhi.

Chuo chenyewe kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1994 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Egerton, na Februari 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Wanafunzi waliongezeka upesi kuliko vitanda vya ndani ya ua. Nje ya ua kulikuwa na mashamba ya watu, na mashamba ya Wagusii ni madogo: kwa hesabu ya watu ya 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba. Mzee aliyerithi robo eka na kuigawa tena kwa wanawe hana ndizi wala chai ya kumtosha. Akijenga vyumba kumi vya mabati au ghorofa moja ya mawe, kipande kilekile kinamlipa kila mwezi. Hivyo ndivyo Nyamage na vijiji vingine karibu na chuo vilivyogeuka makazi ya wanafunzi, shamba moja baada ya jingine, bila mtu wa kuchora barabara kwanza.

Kwa hiyo ploti mbili zenye jina moja la mtaa zinaweza kuwa dunia mbili. Ya kwanza imekaa kando ya lami, bodaboda inasimama mlangoni. Ya pili ipo mita mia mbili chini, nyuma ya migomba, na kuifikia ni kwa kijia chenye upana wa ng'ombe mmoja. Anayekodisha ataziita zote mbili "karibu na geti".

Mimi nadhani Kisii mtu asianze kwa kuuliza jina la mtaa wala kodi. Aanze kwa kuuliza nyumba imekaa wapi kwenye mteremko. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, umejengwa kwenye matuta na mabonde, na hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Hakuna kiangazi kirefu cha kukausha matope. Mteremko ndio unaoamua kama utafika darasani na viatu safi, kama usiku utapanda gizani, na zaidi ya yote, kama utakuwa na maji.

Watu wa mbali hushangaa kusikia shida ya maji mahali panaponyesha hivi. Lakini maji ya bomba ya mji husukumwa kutoka mitambo ya Kegati, na kusukuma kunataka umeme. Stima ikipotea, pampu zinanyamaza. Presha ikirudi, nyumba za chini hupata kwanza, na zile za juu ya tuta husubiri, mara nyingine mpaka mgao upite. Walio bondeni wana bahati nyingine: chemchemi. Gusii ina chemchemi nyingi zilizojengewa saruji na paipu, na bomba la mji likikauka, foleni huhamia huko. Hata hivyo bonde nalo lina gharama yake. Baridi hutuama huko asubuhi, na watafiti waliofuatilia milipuko ya malaria katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya walibaini kuwa wanaoishi karibu na madimbwi ya bondeni huumwa na mbu zaidi ya majirani wao wa juu. Anayepanda kutoka Kisumu anaweza kudhani ameiacha malaria ziwani. Asiuze chandarua.

Namna ya kujua hali ya maji ya ploti si kumuuliza mwenye nyumba, maana atasema yapo. Tazama milango. Kila mpangaji akiwa na mtungi mmoja wa njano wa lita ishirini, bomba linatoka vizuri. Ukikuta minne au mitano kila mlango, imeandikwa majina kwa rangi ya kucha ili isiibwe, hiyo ni ploti ya foleni. Angalia pia kama mabati yana mfereji wa kuvunia maji na tangi lake, na kama tangi lina kufuli. Kufuli ina maana maji ya mvua ni ya mwenye nyumba, wewe utayanunua. Halafu inua mtungi mmoja uliojaa, kilo ishirini, upande nao mpaka ghorofa unayoonyeshwa. Ukishaupandisha ndipo uzungumzie kodi.

Tuje kwenye pesa. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 uliweka mkopo wa matumizi wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka kulingana na kundi la mwanafunzi. Chukua hiyo ya chini: 20,000 kwa muhula, na muhula ni kama miezi minne, kwa hiyo 5,000 kwa mwezi kwa chumba, chakula na kila kitu. Sasa tuseme kuna chumba cha 3,500 karibu na geti na kingine cha 2,500 mbali, unachookoa ni 1,000. Ukipanda boda mara moja tu kwa siku kwa shilingi 50, siku ishirini za masomo zimeila hiyo elfu yote. Bado hujanunua maji, na bado hujauliza kama stima ni ya tokeni zako mwenyewe au mita moja ya ploti nzima ambapo anayepika kwa koili hulipa sawa na anayewasha balbu moja. Chumba cha mbali kinamfaa anayetembea kweli, mvua au jua. Kwa anayejidanganya kwamba atatembea, ni ghali kuliko cha karibu.

Jambo la pili kuhusu HELB ni wakati. Huja kwa mkupuo, na mara nyingi huja muhula umeshika kasi, ilhali mwenye ploti anataka kodi ya kila mwezi pamoja na amana ya mwezi mmoja mlangoni. Baadhi ya hosteli hudai muhula mzima mara moja. Kipi ni bora hutegemea nani anakulipia. Kama ni mzazi anayeuza chai na kupata bonasi mara moja kwa mwaka, malipo ya muhula yanamfaa. Kama ni mama anayeuza sokoni kila wiki, mpangie ploti ya mwezi kwa mwezi.

Usiku ni suala ambalo kodi huficha. Anayesomea maktaba mpaka jioni ahesabu njia ya kurudi kwa macho ya saa mbili usiku, si ya saa nne asubuhi alipopelekwa kuona chumba. Kuna taa za mulika mwizi? Kijia kinapita kwenye mahindi? Mahindi ya Januari ni mafupi, ya Juni yanakuzidi kimo. Wasichana wanajua haya bila kuambiwa. Wavulana hujifunza baada ya simu kupokonywa.

Kelele tuzipitie haraka. Daraja Mbili ina soko kubwa, na siku za soko, Jumatatu na Alhamisi, hapalaliki alfajiri. Lakini pia hapo ndipo mkungu wa ndizi na fungu la mboga ya chinsaga huuzwa kwa bei ya mkulima, na kwa mwenye 5,000 hilo si jambo dogo. Mwembe na Jogoo zina familia na wafanyakazi wengi zaidi, kwa hiyo kelele za wanafunzi hazivumiliwi sana. Mimi ningezitafuta kwa sababu hiyohiyo.

Ploti nyingi zina mwenyewe anayeishi humo humo. Hilo linawatisha wengi, lakini kwa mgeni ni ulinzi. Mzee wa kike ataitwa Omongina, na salamu yake ya asubuhi ina thamani kuliko kufuli mbili. Jifunze tu kalenda yake. Waadventista walijenga misheni Nyanchwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kanisa lao, linaloshika Sabato, limeenea kila tuta. Ukifika na godoro Jumamosi kuhamia, au kubisha Ijumaa jua limetua ili kulipa kodi, utakaribishwa chai na kuombwa urudi Jumapili.

Anayeitwa KMTC ya Nyamira, chuo cha tiba katika kaunti jirani, ana hesabu nyepesi zaidi. Mji ni mdogo, chai inaanza karibu na mwisho wa maduka, na mitaa ya kuchagua ni michache. Hapo swali ni lami au chai: karibu na barabara kuna kelele na usafiri, ndani kuna utulivu na giza. Baridi ni kali kuliko Kisii, kwa hiyo chumba cha mabati bila dari si cha bei rahisi, kitakudai blanketi la pili. Keroka nayo iko mpakani, nusu Kisii na nusu Nyamira, na kaunti mbili zimegombania ushuru wa soko lake kwa miaka. Mpangaji wa Keroka aulize mapema taka za ploti huchukuliwa na nani, maana huenda kila upande unamsubiri mwenzake.

Mkishakubaliana, andikeni, hata kama ni karatasi moja ya daftari yenye hali ya chumba, amana na notisi ya kuhama. Wachache wanajua kwamba chumba cha kodi isiyozidi shilingi 2,500 kinalindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296: mwenye nyumba hawezi kukupandishia au kukutoa bila kupitia baraza la kodi. Sheria hiyo ni ya zamani na kiwango chake kimeachwa nyuma na bei za miji mikubwa, lakini Kisii na Nyamira bado kuna vyumba vinavyoingia chini yake. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo, lipa kwa namba ya mwenyewe au msimamizi aliyetajwa kwenye karatasi, na upige picha ya ukuta wenye unyevu siku ya kwanza, kabla kitanda hakijaufunika.