Noti za Vita: Karatasi Iliyotegemea Dirisha la Benki

Je, wajua kwamba mwaka 1916 dhahabu ya Iramba iligeuzwa kuwa pesa ya vita? Ukitoka Ulemo kwa barabara ya Nzega unateremka Mlima Sekenke, na maeneo hayo ndiko Wajerumani walikokuwa na mgodi wao wa dhahabu. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza ziliifunga bahari, na sarafu mpya kutoka Ujerumani zikaadimika. Dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, kwenye karakana ya reli, na huko zikapigwa sarafu zaidi ya 16,000 za rupia 15. Upande mmoja zina tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima.

Sarafu hiyo ndiyo inayopigwa picha na kusifiwa, lakini wengi hawakuwahi kuigusa. Vita iliendeshwa kwa karatasi.

Kabla ya vita, Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa na noti za kupendeza zilizochapwa Ujerumani. Ya rupia 5 ilikuwa na simba, ya rupia 10 ilionyesha bandari ya Dar es Salaam, na zile kubwa zilibeba sura ya Kaiser Wilhelm II. Vita ilipoanza, watu walifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: walizificha rupia za fedha. Rupia ya Kijerumani ilikuwa na uzito na ubora uleule wa rupia ya India, gramu 11.66, kwa hiyo mwenye nayo hakuhitaji kujua nani angeshinda. Serikali nayo ilikuwa na jeshi la kulisha, wapagazi wa kulipa na vyakula vya kununua.

Machi 1915 zikaanza kutoka noti za muda, zilizochapwa hapahapa nchini. Hazikuwa na simba wala bandari, bali maneno, tarakimu na urembo kidogo pembeni. Karatasi ilikuwa yoyote iliyopatikana, hata ile ya kufungia bidhaa. Zilikuwepo za rupia 1 hadi 200, na maofisa walizitia saini kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mwaka 1917, jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck likiwa linarudi nyuma kuelekea kusini, hata mitambo ya uchapaji haikupatikana tena. Noti za rupia 1, 5 na 10 zikagongwa kwa mihuri ya mpira. Wakusanyaji huziita noti za porini, na ukiiona moja utafikiri ni stakabadhi ya ghala.

Sasa, karatasi ya namna hiyo hupata wapi thamani? Noti ilikuwa ahadi: ilete benki, nasi tutakulipa. Ahadi hiyo ilitegemea dirisha la benki kuwa wazi, na nyuma ya dirisha awepo aliyeahidi. Dar es Salaam ikaangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 4 Septemba 1916, na Tabora ikachukuliwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 19 mwezi huohuo. Rupia ya fedha iliendelea kununua chumvi na nguo chini ya watawala wapya, kwa sababu fedha ni fedha. Aliyeuza mtama wake kwa karatasi alibaki akimdai adui aliyekwisha kukimbia. Kwa maoni yangu huo ulikuwa mkopo wa lazima, na mkopeshaji hakuulizwa.

Miaka ishirini na mitano baadaye, katika Vita Kuu ya Pili, mambo yaligeuka. Safari hii karatasi ilitoka upande wetu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, ilikuwa imeleta shilingi. Wanajeshi wa King's African Rifles (KAR), wakiwemo vijana wa Tanganyika, walipoingia Somalia ya Waitaliano na kisha Ethiopia mwaka 1941, shilingi iliingia nao. Noti yenye sura ya Mfalme George VI, ileile iliyotumika Singida, ikawa pesa halali Mogadishu, Addis Ababa na Asmara. Ethiopia iliendelea kuitumia hadi ilipotoa dola yake mwaka 1945. Sarafu ziliadimika tena, na mwaka 1943 Bodi ikatoa noti ya shilingi moja. Tofauti na karatasi za Wajerumani, hizi zilikuwa na dhamana London, na London haikutekwa.

Askari wengine wa KAR walipelekwa Burma, na kufikia Desemba 1944 walikuwa wamefika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Huko walikuta pesa ya jeshi la uvamizi hasa: rupia zilizochapwa na serikali ya Japani, zikiwa na herufi tu badala ya namba za mfululizo. Herufi ya kwanza B ilimaanisha Burma. M ilikuwa ya Malaya, P ya Ufilipino. Pesa isiyo na namba ni vigumu kuifuatilia, na hiyo ilichapwa bila kipimo. Mjapani aliposhindwa mwaka 1945 ikawa taka. Waingereza waliporudi walitumia noti za India zilizogongwa maneno ya utawala wa kijeshi wa Burma. Marekani nayo ilikwisha kufanya hivyo Hawaii mwaka 1942: noti zikagongwa jina la visiwa, ili vikitekwa, noti hizo zifutwe kwa tangazo moja.

Kwa hiyo, msomaji wa Iramba, ukifungua sanduku la wazee ukakuta karatasi chakavu yenye neno Rupie na saini za wino, usiiwashie moto. Haitakununulia kiberiti, lakini wakusanyaji huitafuta. Ukikuta sarafu ya manjano yenye tembo na mwaka 1916, ipime kwanza: ya kweli ina gramu 7.168, na za bandia ziko nyingi. Ikiwa ya kweli, usikimbilie kwa sonara. Yeye atakulipa uzito wa dhahabu peke yake, na hiyo ni sehemu tu ya bei yake.