Hesabu ya Moshi Yafika Jangwani

Wafanyakazi waingiao Kariakoo kutoka Magomeni na Manzese wamezoea kwa miaka mingi kuulizana, mvua za masika zikianza, kama njia ya Jangwani inapitika au imefungwa na maji. Swali jingine halisikiki sana: ni nani apaswaye kulipa gharama ya maji hayo? Swali hilo lilikwisha kujadiliwa mbele ya mataifa yote, na aliyesimama kuwasemea wanyonge alikuwa mhandisi wa Kitanzania.

Huyo ni Profesa Mark Mwandosya, mzaliwa wa Rungwe. Alisomea uhandisi wa umeme huko Birmingham, Uingereza, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akashika kazi ya Katibu Mkuu katika Wizara iliyosimamia nishati. Katika miaka ya 1990, yeye na wataalamu wenzake wa kituo cha utafiti cha CEEST, hapa hapa Dar es Salaam, walijishughulisha na kazi isiyo na sifa mitaani: kuhesabu gesi zitokazo nchini mwetu, za viwanda, za magari, za kuni na mkaa, za mifugo na za misitu ikatwayo.

Msomaji asidhani kuwa hesabu hiyo ni kutazama bomba la moshi tu. Tuchukue saruji, maana kiwanda cha Wazo Hill kimekuwapo tangu 1966. Tani moja ya jiwe la chokaa safi, ikichomwa mpaka kuwa chokaa, hutoa kilo 440 za hewa ukaa, hata kama tanuri lingewashwa kwa jua. Hewa hiyo imo ndani ya jiwe lenyewe. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, yaweza kupunguza moshi wa mafuta mazito. Hewa ya jiwe haiwezi kuigusa. Basi kumwambia mtu asiye na nyumba ya kudumu kwamba asitoe hewa ukaa ni kumwambia asijenge.

Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wa Kyoto, Desemba 1997. Mwaka ule Tanzania iliongoza Kundi la 77 na China, na Mwandosya akawa msemaji wa nchi zaidi ya 130 katika majadiliano ya tabia ya nchi. Mataifa tajiri yalikubali kupunguza gesi zao kwa wastani wa asilimia 5 chini ya kiwango cha 1990. Lakini kilikuwapo pia kifungu cha kuzifungulia nchi maskini mlango wa kujifunga kwa hiari. Hiari! Nchi nyingi za Kundi ziliona kuwa hiari ya leo ingekuwa sharti la kesho, zikakipinga, nacho kikaondolewa. Baadaye Mwandosya alieleza hoja zake katika kitabu alichokiita Survival Emissions: moshi wa jiko la mkaa la mama ntilie haupimwi kwa mizani moja na moshi wa anasa.

Hoja hiyo ilikuwa ya haki, lakini ilikuwa na upenyo. Ndani ya Kundi lile walikuwamo wenye visima vya mafuta, ambao moshi wao haukuwa wa kujikimu hata kidogo. Na China siku hizi hutoa hewa ukaa kuliko taifa lolote jingine. Ndiyo maana mapatano ya Paris ya 2015 yalitaka kila nchi itaje ahadi yake. Tanzania ilitaja mwaka 2021: kupunguza kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingetoka kama hakuna hatua yoyote.

Turudi bondeni. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Si haki kuutwika moshi wa Ulaya mzigo wote. Mchanga uporomokao kutoka milima ya Pugu, taka zitupwazo mtoni na ujenzi wa bondeni ni kazi ya mikono yetu. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi 2016, ilijengwa papo hapo Jangwani, nayo ikafurika. Ila joto likizidi, mawingu hubeba maji mengi zaidi, na joto hilo sisi tumelichangia kidogo mno.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa kulitengeneza bonde la Msimbazi pamoja na daraja jipya la Jangwani. Mataifa tajiri yalikuwa yameahidi huko Copenhagen, mwaka 2009, kuzipa nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Yalichelewa miaka miwili, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa njia ya mikopo. Zile milioni 200 za Msimbazi nazo ni mkopo.