Nauli na Subira: Kazi ya CCBRT

Miongoni mwa mambo ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa kudura isiyo na dawa, mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani tangu mtoto yumo tumboni mwa mamaye, ni jambo ambalo utabibu unalimudu kuliko wengi wadhanivyo; na mojawapo ya jumuiya za hisani zilizojitahidi kulidhihirisha hilo ni CCBRT, iliyoasisiwa mwaka 1994 mjini Dar es Salaam, yenye hospitali yake Msasani, inayowahudumia watoto na watu wazima wenye ulemavu.

Njia ya kuutibu mguu huo, iliyobuniwa na tabibu Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, haihitaji upasuaji mkubwa: unyayo hunyooshwa kwa mikono, taratibu, ukafungwa hogo, na baada ya juma moja hogo hufunguliwa, unyayo ukanyooshwa tena na kufungwa jingine, hata yatimie matano au saba, kisha mara nyingi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Baadaye mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa upau, kutwa kucha kasoro saa moja kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu hadi umri wa miaka 4 au 5. Na mzazi akighafilika navyo, unyayo huelekea kurejea ulikokuwa.

Tabibu, basi, ana nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni ya mama, ambaye hana budi kupanda basi kila juma, mtoto mgongoni, akiacha shamba na biashara yake. Tiba hata ikiwa bure, itamfaa nini asiye na nauli? Kwa wanawake wenye fistula, jeraha la uzazi linalowafanya wavuje mkojo, CCBRT walilijibu swali hilo mwaka 2009 walipoanza kutuma fedha za safari kwa M-Pesa kwa mabalozi wao mikoani, ambao humkatia mgonjwa tiketi na kumsafirisha.

Ama watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao hakuna hogo litakalowaponya, wahudumu huwaendea majumbani, wakimfunza mzazi namna ya kumketisha mtoto, kumlisha asipaliwe, na kumnyoosha viungo visikakamae.

Atakaye kutoa sadaka, basi, asidhani kuwa fedha iliyonunua tiketi ya basi ina daraja ndogo kuliko ile iliyojenga wodi; na jirani amwonaye mtoto mchanga mwenye unyayo uliopinda na amwambie mamaye mapema, maana tiba hiyo huwa nyepesi zaidi ianzapo katika majuma ya kwanza ya uhai.