Kwa Nini Mwenye Kidonda Kikubwa Hukonda

Kila mwenye jiko nyumbani mwake ajua jinsi ajali ya moto itokeavyo upesi. Mtoto hujikwaa karibu na mafiga, na sufuria ya uji humwagika kifuani pake. Baada ya majuma mawili au matatu wazazi hushangaa kuona ya kuwa si ngozi tu iliyodhurika, bali mtoto mzima amekonda, mikono na miguu imekuwa myembamba, wala kidonda hakitaki kufunga. Wengine hudhani amerogwa. Lakini sababu yake yajulikana, nayo ni mabadiliko ya protini ndani ya mwili. Yafaa kila mzazi aifahamu, maana akiifahamu atajua la kufanya.

Protini ndiyo nguzo na fito za nyumba hii iitwayo mwili. Misuli, ngozi, moyo, na sehemu kubwa ya vitu vilivyomo katika damu vimejengwa kwa protini. Kila protini ni kama mkufu mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, nao mkufu huo umekunjwa kwa namna yake maalum. Kazi yake yategemea mkunjo huo, kama vile ufunguo ufunguavyo mlango kwa sababu ya umbo lake. Umbo likiharibika, kazi nayo hukoma.

Tazama yai likikaangwa. Ute wake ulikuwa maji maji na kuonekana ng'ambo. Ukipata moto hugeuka mweupe na mgumu, wala ukipoa haurudi kuwa kama kwanza. Jambo kama hilo hutokea katika ngozi iliyoungua. Katika mwaka 1947 wataalamu wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walionyesha ya kuwa joto la digrii 44 za sentigredi huhitaji muda wa saa sita hivi kuiunguza ngozi, bali joto la digrii 60 huiunguza kwa sekunde chache tu. Tena, moto ukiisha kuondolewa, joto lililobaki ndani ya ngozi huendelea kuharibu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi, si barafu, yakimiminwa polepole juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa ili mgonjwa asipatwe na baridi. Majivu, unga, siagi na dawa ya meno havifai hata kidogo. Huziba joto ndani na kuleta uchafu.

Jeraha likiwa kubwa, hatari ya pili hufuata. Ndani ya damu mna protini iitwayo albumini, itengenezwayo na ini. Lita moja ya damu iliyoondolewa chembe zake huwa na gramu 35 hadi 50 za albumini. Kazi yake moja ni kuyazuia maji yasitoke katika mishipa. Mtu akiungua sana, mishipa huvuja, na albumini hutoka pamoja na maji. Ndipo mwili huvimba, malengelenge hujaa, na damu hupungua hata mgonjwa aweza kufa. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni sawa na sehemu moja katika mia ya ngozi yake. Mtoto aliyeungua mahali pa viganja kumi, au mtu mzima viganja kumi na tano, apelekwe hospitali mara moja ili atiwe maji mishipani. Aliyeungua usoni, mikononi au sehemu za siri apelekwe pia, hata kama jeraha ni dogo.

Wakati huo huo ini nalo hubadili kazi yake. Hupunguza kutengeneza albumini, na badala yake hutengeneza protini za kupigana na maradhi. Moja yao iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na madaktari Tillett na Francis, katika damu ya watu wenye homa ya mapafu. Katika mtu mzima wa afya protini hiyo ni kidogo mno, lakini katika ugonjwa mkali yaweza kuongezeka mara mia na zaidi kwa muda wa siku mbili. Hata leo madaktari huipima ili wajue ugonjwa unazidi au unapungua.

Je, vifaa vya kazi hiyo yote hutoka wapi? Jibu lilipatikana mjini Glasgow, Uskoti. Daktari Cuthbertson aliwapima watu waliovunjika miguu, akatangaza habari zake kuanzia mwaka 1930. Aliona ya kuwa mkojo wao ulitoa naitrojeni nyingi, nayo naitrojeni ni alama ya protini iliyovunjwa. Ilikuwa nyingi mno kuweza kutoka katika mguu uliovunjika peke yake. Basi mwili mzima ulikuwa ukibomoa misuli yake. Gramu moja ya naitrojeni ni sawa na gramu 6 na robo za protini, yaani karibu gramu 30 za nyama ya mwili. Ni kama mtu abomoaye ukuta wa jikoni apate matofali ya kuziba paa.

Kidonda chenyewe hufungwa kwa protini nyingine iitwayo kolajeni, ambayo ni kama kamba imara zifungazo mwili. Kolajeni haifanyiki vizuri pasipo vitamini C, ipatikanayo katika mapera, machungwa, mapapai na mboga za majani. Kovu jipya ni dhaifu. Baada ya miezi mitatu hupata nguvu kama sehemu nane katika kumi za ngozi ya kwanza, wala halifikii kumi.

Wako watu wamkatazao mwenye kidonda maharagwe, mayai au nyama, wakisema vitaleta usaha. Usaha huletwa na vijidudu, si na chakula. Mtu mzima wa kilo 60 aliye na afya huhitaji gramu 48 hivi za protini kwa siku. Akiungua sana huhitaji gramu 90 hadi 120. Yai moja lina gramu 6, gilasi ya maziwa gramu 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Ugali na maharagwe vikiliwa pamoja hukamilishana. Chakula cha nguvu kisikosekane pia, maana mwili wenye njaa huichoma protini kama kuni. Lakini mwenye ugonjwa wa figo au ini afuate shauri la daktari wake.

Basi, mfunge mgonjwa kidonda chake kwa kitambaa safi, na mpeleke kwa mganga wa hospitali. Lakini usisahau sahani yake. Asipopewa chakula cha kujenga mwili, kidonda kitakula mwili wake mwenyewe.